Kuosha Nyumba kwa Presha: Ukuta Ndio Unaoamua

Mashine ya presha, ile iliyozoeleka kwenye vituo vya kuoshea magari na bodaboda, sasa inaelekezwa ukutani. Kwa mwenye nyumba wa Rasbura, katika Manispaa ya Lindi, swali hujitokeza kila mvua zinapokatika: ukuta umeota weusi, umepigwa tope, rangi imeanza kubabuka; je, aite mwenye mashine?

Majibu anayopewa yanagongana. Mwenye mashine atamwambia nyumba itang'aa kabla ya adhuhuri. Fundi rangi atamwambia rangi mpya haishiki bila ukuta kuoshwa kwanza. Fundi mwashi ataonya kwamba presha inachimba lipu. Na wazee waliokulia kwenye nyumba za mawe watauliza kwa nini mtu apoteze maji yote hayo wakati chokaa ipo. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na mkanganyiko unatokana na kila mmoja kuzungumzia ukuta tofauti bila kuutaja. Uchambuzi huu unaeleza chanzo cha uchafu wenyewe, unapima misimamo minne inayoshindana, kisha unaonyesha ni ukuta gani unastahili nini.

Uchafu wa ukuta wa Pwani unatoka wapi

Uchafu unaoonekana kwenye kuta za Lindi ni wa aina nne, na kila aina ina chanzo chake.

Ya kwanza ni uchafu ulio hai: ukoga wa kijani na ile kawa nyeusi ambayo mafundi wengi huiita fangasi. Ni viumbe vidogo sana, baadhi kuvu, baadhi jamaa za mwani, vinavyoishi kwa unyevu na kivuli. Lindi iko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba tangu mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la mchana husimama upande wa kaskazini, na ukuta unaotazama kusini hukaa kivulini. Sehemu kubwa ya miezi hiyohiyo upepo wa kusi huvuma na kuuletea ukuta huo huo unyevu wa bahari. Ndiyo sababu nyumba moja inaweza kuwa safi upande wa mbele na nyeusi upande wa nyuma, ingawa rangi ilipakwa siku moja na fundi mmoja.

Ya pili ni chumvi. Huingia ukutani kwa njia tatu: kwa hewa ya baharini, kwa mchanga wa pwani uliotumika kwenye lipu bila kuoshwa, na kwa unyevu wa ardhini unaopanda kupitia tofali pale ambapo mjenzi hakuweka nailoni kati ya msingi na ukuta. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji hewani pale unyevu wa hewa unapovuka asilimia 75, kiwango ambacho Pwani hukivuka mara nyingi, hasa usiku na alfajiri. Mchana ukuta unakauka, chumvi inaganda na kutanuka ndani ya vitundu vya lipu. Mzunguko huo ukijirudia, rangi inatoka malengelenge, unga mweupe unachanua, na lipu inaanza kumung'unyika kutoka ndani.

Ya tatu ni tope. Paa lisilo na gata humwaga maji yote kwenye ardhi tupu, na matone hurusha udongo mwekundu ukutani hadi usawa wa goti au zaidi. Mstari huo wa tope ni rekodi ya mahali maji yanapoangukia.

Ya nne ni mchanganyiko wa vumbi, moshi na kutu: moshi wa kuni na mkaa kwenye ukuta wa uani, michirizi ya kutu kutoka kwenye misumari ya bati na nondo za madirisha.

Ukiziangalia kwa pamoja, aina tatu za kwanza zinasababishwa na maji. Maji yanalisha kawa, yanabeba chumvi na yanarusha tope. Kwa hiyo mtu anayepeleka maji mengi zaidi ukutani ili kuondoa madhara ya maji ana wajibu wa kueleza maji hayo mapya yatatokea wapi.

Mashine inafanya nini hasa

Kampuni ya Kijerumani ya Kärcher ilitoa mashine ya kwanza ya Ulaya ya kusafishia kwa maji ya moto yenye presha kubwa mwaka 1950, kwa matumizi ya viwandani. Mwaka 1984 ikatoa mashine ndogo ya kubebeka kwa ajili ya majumbani. Kimsingi teknolojia haijabadilika: pampu inasukuma maji kidogo kupitia tundu jembamba sana, na presha inageuka kuwa mwendo kasi.

Mashine ndogo ya umeme hufanya kazi kwa presha ya baa 100 hadi 150 na kutoa lita 6 hadi 8 kwa dakika. Za petroli huzidi hapo. Baa 120 ni sawa na uzito wa kilo 120 hivi ukikandamiza kila sentimita moja ya mraba. Kwa hesabu ya fizikia, maji ya presha hiyo hutoka yakiwa na mwendo wa mita 150 hivi kwa sekunde. Tone kubwa la mvua huanguka kwa mita 9 kwa sekunde. Nyumba imejengwa kuhimili tone hilo. Hakuna fundi aliyepiga lipu akifikiria maji ya presha.

Hata hivyo, nguvu hiyo haifiki yote ukutani. Inategemea mambo mawili: umbali, na nozeli, yaani kile kichwa cha kutolea maji. Nozeli ya nyuzi 0 hutoa mshale mmoja unaoweza kuchora mbao. Ya nyuzi 40 hufungua maji kama feni, na nguvu ikatawanyika. Mashine ileile, mkononi mwa mtu yuleyule, inaweza kusuuza kioo bila kukivunja au kuchimba mfereji kwenye lipu, kutegemea nozeli iliyofungwa na kama amesimama nusu mita au sentimita 10 kutoka ukutani.

Fuata mkondo huo unavyopita chini ya dirisha. Kwenye pembe ya dirisha mara nyingi pana ufa mwembamba wa mshazari, kwa sababu hapo ndipo mzigo wa ukuta unapokusanyika. Mvua ya kawaida huteleza juu ya ufa huo. Maji ya presha huingia ndani yake, yakakuta nafasi kati ya lipu na tofali, yakaitanua. Kwa nje ufa unaonekana msafi kuliko mwanzo. Kwa ndani lipu imeachia tofali, na kipande hicho kitasubiri msimu mmoja au miwili kabla ya kudondoka, wakati huo mwoshaji amekwisha kusahaulika.

Msimamo wa kwanza: piga presha

Wanaotetea mashine wana hoja nzito. Kwanza ni kasi: kazi inayochukua siku mbili za brashi na ndoo inakwisha kwa saa chache. Pili ni kufika: mkono wa mashine unafika juu ya linta na chini ya paa bila jukwaa refu. Tatu, na hii ndiyo hoja ya mafundi rangi, ukuta unaopakwa rangi upya lazima uondolewe kila kilichoachia, na presha huibua rangi iliyokufa kuliko mkono unavyoweza. Rangi mpya iliyopakwa juu ya vumbi au kawa hubabuka pamoja na kile ilichoshikilia.

Ipo pia hoja ya maji, ambayo watu huielewa kinyume. Mashine inayotoa lita 8 kwa dakika hutumia maji machache kuliko mpira wa kawaida ulioachwa wazi, ambao unaweza kumwaga lita 15 hadi 20 kwa muda huohuo.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kiufundi. Presha huondoa kinachoonekana na kuacha mizizi ya kuvu ndani ya vitundu vya ukuta, kwa hiyo weusi hurudi mapema pasipowekwa dawa. Pia huyeyusha chumvi iliyo juu na kuirudisha ndani. Na haichagui: inapokuta rangi dhaifu, hung'oa rangi, inapokuta lipu dhaifu, hung'oa lipu. Tofali nyingi za mitaani hufyatuliwa kwa saruji iliyopunguzwa, na lipu juu yake mara nyingi ni nyembamba kuliko inavyostahili. Ukuta wa namna hiyo hauna cha ziada cha kupoteza.

Udhaifu wa pili ni wa kibiashara. Mwoshaji hulipwa kwa nyumba, si kwa muda, kwa hiyo faida yake iko kwenye kumaliza haraka. Njia ya kumaliza haraka ni nozeli nyembamba na kusogea karibu. Mteja naye hulipa kwa kile anachokiona jioni ile. Hasara ya lipu iliyoachia inajitokeza miezi baadaye na haimrudii aliyeisababisha. Soko likipangika hivyo, hata mwoshaji mwaminifu husukumwa kuosha kwa nguvu kupita kiasi, na mwenye nyumba ndiye anayebaki na wajibu wa kuweka masharti kabla kazi haijaanza.

Msimamo wa pili: dawa na brashi

Kundi la pili linasema kwamba kwa kuwa kawa ni kiumbe hai, iuliwe kwanza, kisha isuuzwe taratibu. Dawa inayopatikana kila duka ni jiki, ambayo ya kawaida ina asilimia 3.5 ya kiungo chake cha kuua vijidudu. Kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo vitatu vya maji, kikipakwa kwa brashi kuanzia chini kwenda juu na kuachwa dakika 10 hadi 15 bila kukauka, hufanya weusi ufifie wenyewe. Kinachobaki ni kusugua kidogo na kusuuza kwa maji yasiyo na nguvu. Marekani, kwenye biashara kubwa ya kuosha nyumba, njia ya aina hii, dawa kwanza na presha ndogo baadaye, ndiyo inayopendekezwa kwa kuta zilizopakwa rangi na kwa mapaa.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unashughulika na chanzo cha weusi bila kuumiza lipu, na hauhitaji mashine. Lakini una gharama zake. Jiki inapomaliza kazi huacha chumvi, na ukuta wa Lindi una chumvi ya kutosha tayari; kusuuza vibaya ni kuongeza tatizo lililopo. Huunguza mimea ya kando ya ukuta isipomwagiwa maji kabla na baada. Huchubua macho na ngozi. Ikichanganywa na dawa za choo zenye asidi hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu, na kosa hilo ni rahisi kutokea mtu anapodhani kwamba dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Zaidi ya hayo, jiki haisaidii chochote dhidi ya chumvi, tope wala kutu.

Kwa unga mweupe wa chumvi dawa bora ni rahisi zaidi: brashi kavu. Unga ukipanguswa ukiwa mkavu na kuzolewa, umeondoka. Ukimwagiwa maji, umerudi ukutani.

Msimamo wa tatu: acha kuosha, paka upya

Msimamo huu una mizizi mirefu Pwani. Nyumba ya mawe ya matumbawe ilipakwa chokaa mara kwa mara, aghalabu kabla ya Idi au harusi, na hakuna aliyeiosha. Kulikuwa na sababu. Chokaa mbichi ni kali kiasi kwamba kuvu haliishi juu yake. Inaruhusu ukuta upumue. Na kila mpako unajaza vitundu vilivyofunguka. Usafi na ukarabati vilikuwa kazi moja. Gharama yake ni ndogo na ujuzi wake uko mitaani.

Udhaifu wake ni kwamba chokaa haidumu. Mvua huifuta na kurudia ni lazima. Haishiki vizuri juu ya rangi ya mafuta au rangi za kisasa za plastiki, na nyumba nyingi mpya tayari zimepakwa hizo. Ndipo wengi wanapoichukua desturi ya chokaa na kuihamishia kwenye makopo ya rangi: wanapaka rangi ya maji juu ya kawa ili kuificha. Hapo hoja inaanguka. Rangi haiui kuvu. Kuvu hupenya na kujitokeza juu ya rangi mpya, na mwenye nyumba anakuwa amelipia kopo la rangi na kubaki na weusi uleule.

Msimamo wa nne: ziba maji kwanza

Waashi wenye uzoefu husema kuosha ni kazi ya mwisho. Wekeni gata, mwageni ukanda wa zege kuzunguka nyumba wenye mteremko wa kutoa maji nje, punguzeni matawi ya mwembe yanayofunika ukuta wa kusini, zibeni nyufa za pembe za madirisha. Baada ya hapo nusu ya uchafu haitarudi.

Huu ndio msimamo wenye nguvu zaidi kisayansi, kwa sababu unagusa chanzo. Udhaifu wake ni fedha na muda. Gata na zege vinagharimu kuliko siku moja ya mashine, na matokeo yake hayaonekani siku hiyo. Mwenye nyumba ya wageni anayetaka kupokea wateja wiki ijayo, hasa katika mji unaosubiri mradi mkubwa wa gesi wa Likong'o na wageni wake, hawezi kuambiwa asubiri msimu mzima kuona kama tope limepungua. Tena yapo matatizo ambayo ukarabati wa kawaida hauyafikii: nyumba iliyokwisha kujengwa bila nailoni ya msingi itaendelea kunyonya unyevu wa ardhi hata ukiizungushia zege.

Funzo la Kilwa

Mkoani Lindi kuna kuta ambazo hutoa jibu lisilo na mjadala. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao sehemu zake za kwanza ni za karne ya 11, na kasri la Husuni Kubwa la karne ya 14, vimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayaweka kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na kuyaondoa katika orodha hiyo mwaka 2014 baada ya kazi ya uhifadhi.

Ukuta wa aina hiyo unashikiliwa na chokaa ambayo ni laini kuliko jiwe lenyewe. Ulaini huo ndio uhai wake: unyevu unaingia na kutoka, na jengo linacheza kidogo bila kupasuka. Presha ya kisasa ikiupiga, kinachotoka kwanza ni chokaa ya kwenye viungo, na mawe yanabaki bila mshiko. Kosa la pili ambalo kwa kawaida hufuata ni kuziba viungo hivyo kwa saruji. Saruji ni ngumu na inafunga unyevu ndani, hivyo unyevu unatafuta njia kupitia jiwe, na jiwe ndilo linalooza.

Mwongozo wa Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani juu ya kusafisha majengo ya kale unataka kazi ianze kwa presha ndogo kabisa, baa 7 au chini yake, na kuongezwa kidogo pale tu panapolazimu. Mtetezi wa mashine anaweza kujibu kwamba mwaka 2005 nyuso za marais zilizochongwa kwenye Mlima Rushmore, Marekani, zilioshwa kwa presha ya maji ya moto. Ni kweli, lakini mlima ule ni granaiti. Matumbawe na chokaa si granaiti, wala lipu ya tofali la mtaani. Anayemiliki nyumba ya zamani ya mawe katikati ya mji wa Lindi au Kilwa Kivinje anapaswa kuihesabu upande wa Husuni Kubwa.

Maji, umeme na mwili wa mwoshaji

Nyumba ya wastani yenye kuta za nje za mita za mraba 110 hivi ikioshwa kwa saa tatu itatumia karibu lita 1,440, yaani ndoo 72 za lita 20. Tangi la lita 1,000 linaisha kabla ya kazi kumalizika. Kwa mwenye bomba la mamlaka ya maji hilo ni suala la bili na mgawo. Kwa anayetegemea kisima kifupi karibu na bahari, suala ni baya zaidi: maji yakiwa na ladha ya chumvi, yasiguse ukuta. Kuosha kwa maji hayo ni kuupiga ukuta sindano ya chumvi kwa presha. Maji ya mvua yaliyokingwa ni bora kuliko yote.

Umeme nao una masharti. Mashine ndogo huhitaji kilowati 1.5 hadi 2.2, na jenereta ndogo ya kilowati moja haiwezi kuiendesha. La hatari zaidi ni kwamba mita ya LUKU, taa za nje, kengele na soketi za varanda viko kwenye ukuta uleule unaooshwa. Boksi la mita huhimili mvua inayoanguka. Halikutengenezwa kuhimili mkondo unaolengwa kwenye kiungo chake. Umeme wa upande huo uzimwe, boksi lifunikwe, na mkondo usilielekee kabisa.

Mwili pia hauko salama. Maji ya presha ya baa 7 hivi yanaweza kupenya ngozi nzima, na mashine ndogo kuliko zote inazidi hapo zaidi ya mara kumi. Jeraha lake huonekana kama tundu dogo, wakati ndani maji na uchafu vimesambaa kwenye misuli. Aliyejeruhiwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama haumwi sana. Viatu vya kufunika vidole na miwani ni vya lazima, na mashine haitumiki juu ya ngazi, kwa sababu mkono wa mashine unarudisha msukumo na unaweza kumwangusha aliyeishika.

Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo Shirika la Afya Duniani linasema hayana kiwango salama kwa mtoto. Presha huzigeuza vipande na vumbi linalotawanyika uani wanakocheza watoto. Mapaa ya asbesto, ambayo bado yapo kwenye baadhi ya majengo ya zamani, yasiguswe kwa presha hata kidogo, kwani nyuzi zake zikitoka na kukauka huingia mapafuni.

Mwisho ni wakati. Fedha za ukarabati Lindi hufuata mazao. Fedha za korosho huanza kuingia kuanzia Oktoba, na mwenye nyumba akiosha na kupaka rangi Desemba mvua zinamkuta ukuta haujakauka. Fedha za ufuta huja katikati ya mwaka, wakati wa kiangazi, na huo ndio msimu sahihi. Idi nayo husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo kuna miaka inayoangukia mvuani. Miaka hiyo ni heri kupangusa na kuahirisha rangi kuliko kufungia maji chini yake.

Kupima: ukuta kwa ukuta

Kabla ya kuita mtu yeyote, vipimo vitatu vinatosha. Gonga lipu kwa fundo la kidole sehemu mbalimbali. Inapotoa sauti ya uwazi, imeachia. Pangusa rangi kwa kiganja; ukibaki na unga, rangi imekufa. Bandika utepe wa gundi na uung'oe kwa ghafla. Ukitoka na rangi, haishiki.

Majibu yake yanaelekeza kazi. Sakafu za zege, pevingi, ngazi na vitako vya uzio vilivyo imara vinaweza kupigwa presha bila wasiwasi. Hapo mashine haina mpinzani. Ukuta wa tofali wenye lipu nzima na rangi inayoshika unahitaji dawa, brashi, kisha kusuuzwa kwa nozeli pana kutoka nusu mita au zaidi, mkondo ukielekea chini ili maji yasiingie kwenye matundu ya hewa na chini ya paa. Ukuta wa tofali ambao rangi yake imekufa lakini lipu ni nzima unaweza kupigwa presha ya wastani, kwa sharti kwamba utapakwa upya baada ya kukauka kwa siku kadhaa za jua.

Ukuta wenye lipu iliyoachia au wenye kuchanua chumvi usipigwe presha. Unamhitaji mwashi, na kwa chumvi, brashi kavu. Ukuta wa matumbawe na chokaa unahitaji brashi laini, maji kidogo na chokaa mpya. Asidi, hata siki, isiukaribie kwa sababu inaiyeyusha chokaa. Nyumba ya udongo na miti isiguswe na maji ya aina yoyote yenye nguvu.

Mabati ni jambo la pekee. Chumvi ya bahari huyala haraka zaidi pale mvua isipofika: chini ya ukingo wa paa na kwenye bati la varanda. Kuyasuuza sehemu hizo kwa maji baridi yasiyo na presha kubwa kunarefusha maisha yake, na hii ndiyo aina ya kuosha ambayo wengi hawaifanyi wakati ina faida kuliko zote. Bati lenye kutu iliyokomaa presha italitoboa. Na popote paa linapooshwa, bomba la kuingizia maji ya mvua kwenye tangi litenganishwe kwanza.

Muhtasari

Misimamo minne iliyochambuliwa inapingana kwa sababu imepangwa kama mbadala, ilhali kila mmoja una nafasi yake kwenye mfuatano mmoja. Kuziba njia za maji kunatangulia, kwa kuwa bila hivyo kila kazi nyingine itarudiwa. Dawa na brashi vinafuata pale weusi ulipo hai, na brashi kavu pale palipo na chumvi. Kusuuza kwa upole kunakuja baada ya hapo, na rangi au chokaa inafunga kazi. Presha kubwa inabaki na uwanja wake halali: zege, pevingi, na, kwa kiwango cha wastani, ukuta imara unaoandaliwa kwa rangi mpya.

Mwenye kipato kidogo anayeweza kufanya jambo moja tu mwaka huu atapata faida kubwa zaidi kwa kuweka gata upande unaorushiwa tope kuliko kwa kukodi mashine. Anayeikodi aweke masharti matatu kabla ya kuwasha: nozeli pana, umbali usiopungua nusu mita, na jaribio kwenye kona ya nyuma kwanza. Mwoshaji anayekubali masharti hayo anaijua kazi yake. Anayeyakataa amezoea kulipwa kwa ajili ya kasi, na ukuta ndio utakaolipa.